Kiswahili: Kutoka Njia ya Tabora hadi Jukwaa la Jazi

Mtahiniwa, katika swali la kuenea kwa Kiswahili, wengi huishia kwenye misafara ya karne ya 19 iliyopita Bagamoyo, Tabora hadi Ujiji. Hoja hiyo ni sahihi, ila inahusu bara letu tu. Ongeza mfano wa ng'ambo.

Herbie Hancock, mpiga piano wa jazi, alizaliwa Chicago, Marekani, mwaka 1940. Mwaka 1963 alijiunga na kundi la Miles Davis, kisha akatunga muziki wa filamu ya Blow-Up (1966). Baadaye yeye na wenzake, Wamarekani weusi, walichukua majina ya Kiswahili. Eddie Henderson, mpiga tarumbeta aliyekuwa pia daktari, aliitwa Mganga. Hancock aliitwa Mwandishi, jina lililopewa pia albamu ya mwaka 1971. Muziki wake wa filamu ya 'Round Midnight (1986) ulimpatia tuzo ya Oscar.

Zingatia: usiandike kwamba misafara ilikifikisha Kiswahili Marekani. Tabora kilienea kwa sababu ya biashara. Wanamuziki hawa walikichagua ili kuonyesha asili yao ya Kiafrika. Hizo ni hoja mbili. Zitenganishe, kila moja na mfano wake.