Chai ya Saa Kumi Barazani Norfolk

WAHENGA walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi siku yangu ya tatu mjini Nairobi sikupewa jembe. Nilipewa chai.

Nilikuwa nimetoka Mombasa kuja kupumzika kwa binti yangu, ambaye anakaa Lavington, upande wa magharibi wa jiji. Sisi watu wa pwani Nairobi twaijua kwa mambo mawili, baridi na haraka. Baridi nilikuwa nimeanza kuizoea, na haraka niliwaachia wenyewe, pale binti aliponiambia: "Baba, kesho nakupeleka Norfolk ukanywe chai ya alasiri, ukae kitako kama watalii."

Nilicheka. Kisha nikanyamaza, naye asijue kwa nini.

KANZU NA TARBUSHI

Marehemu baba yangu alifanya kazi ya kuhudumia mezani katika hoteli moja ya Nairobi tangu mwaka 1951 hata 1961. Jina la hoteli hiyo naliacha. Siku zile watumishi wa mahoteli makubwa walivikwa kanzu nyeupe, mshipi mwekundu na tarbushi nyekundu kichwani.

Msomaji wa pwani atanielewa upesi. Kanzu kwetu ni vazi la Ijumaa, la Idi na la bwana harusi. Mzungu alilichukua vazi hilo la heshima akalifanya sare ya kubebea sinia. Mtu aliyelivaa msikitini akipewa salamu ya "shekhe", alilivaa hotelini akiitwa "boi", hata awe na mvi.

Baba alikuwa akisimulia kwamba kwa miaka 10 alimimina chai maelfu ya vikombe pale barazani, na hakupata kukalia kiti hata kimoja. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayehesabu magunia.

Lakini nyumbani alikuwa na desturi moja. Hakukubali kumiminiwa chai na mtu yeyote. Birika alilishika yeye, akammiminia mama kwanza, kisha sisi watoto, na yeye akawa wa mwisho. Tulidhani ni ukali wa mzee. Nimekuja kuelewa ukubwani.

NJIA YA KUTOKA JAMIA

Siku ya pili yake tulisali Alasiri katika Msikiti wa Jamia, ule uliomalizika kujengwa mwaka 1933, wenye makuba ya kupendeza katikati ya jiji. Tulipotoka tuliamua kwenda kwa miguu. Tulipita Soko la Jiji, tukaingia barabara ya Muindi Mbingu, tukaiacha bustani ya Jeevanjee ambako watu hulala majanini na wahubiri hupiga kelele, hata tukafika University Way.

Hapo ndipo penye Kituo Kikuu cha Polisi, na hatua chache mbele yake ndiyo Norfolk yenyewe. Barabara iliyo mbele ya hoteli inaitwa Harry Thuku, na jina hilo halikuwekwa pale kwa bahati.

Harry Thuku alikuwa karani wa simu serikalini. Mwaka 1921 alianza kuwakusanya watu wa Nairobi kupinga kipande, kodi na kupunguzwa mishahara. Tarehe 14 Machi 1922 alikamatwa, na tarehe 16 umati wa watu ukakusanyika mbele ya kituo cha polisi kumdai. Mwanamke mmoja, Muthoni Nyanjiru, aliwakemea wanaume kwa woga wao, watu wakasogea mbele, askari wakapiga risasi. Serikali ilitaja maiti 21. Wengine waliokuwapo walisema ni wengi zaidi ya hao. Tena masimulizi mengi yaeleza kwamba baadhi ya walowezi waliokuwa wameketi katika baraza ya Norfolk nao walifyatua bunduki zao kutoka huko huko walikoketi.

Thuku mwenyewe alipelekwa Kismayu, ambayo wakati huo ilikuwa bado chini ya Waingereza, na baadaye akahamishiwa Marsabit. Karibu miaka 9 ilipita kabla hajarudi kwao.

Basi hiyo ndiyo baraza niliyokuwa nakwenda kunywea chai.

"KARIBU MZEE, KETI"

Hoteli ya Norfolk ilifunguliwa siku ya Krismasi mwaka 1904, wakati Nairobi ilipokuwa bado mji wa mabati na matope. Rais wa zamani wa Marekani, Theodore Roosevelt, alifikia hapo mwaka 1909 katika safari yake ya kuwinda. Usiku wa tarehe 31 Desemba 1980 bomu liliibomoa sehemu ya jengo na kuua watu, nayo ikajengwa tena.

Kijana mmoja, weita, alivuta kiti akaniambia, "Karibu mzee, keti." Hakuvaa kanzu wala tarbushi. Alivaa shati na kizibao kama kijana yeyote wa ofisini.

Nawaambieni kweli, sikuketi mara moja. Miguu ilikuwa mizito. Nilikitazama kile kiti, nikamkumbuka mzee wangu. Binti alidhani nimechoka kwa ule mwendo, akanishika mkono. Nikasema Bismillahi, nikakaa.

Kwanza niliuliza kama katika sandwichi mna nyama ya nguruwe. Kijana hakushangaa. Alisema angetuletea za mayai na za matango peke yake, katika sahani yake mbali. Kisha vikaja vitu kwa ghorofa: sandwichi chini, skonzi katikati na jemu na krimu yake, na vijikeki juu. Chai ililetwa katika birika, maziwa mbali, sukari mbali, na chujio dogo la kuzuia majani.

Sasa msomaji ataniuliza, chai yenyewe je? Ilikuwa chai safi, lakini kwa ulimi wa Mombasa ilikuwa kama mkandaa uliosahauliwa viungo. Haikuwa na iliki wala tangawizi. Na skonzi, pamoja na jemu yake yote, haikuliweza hamri la moto.

Lakini nilikaa. Tulikaa saa moja na nusu kwa vikombe viwili viwili. Hakuna aliyetuletea hesabu kabla hatujaitaka. Jua lilipungua, magari yakapita, tukazungumza mimi na binti mambo ambayo miaka mingi hatukuwa tumeyazungumza. Hapo ndipo nilipomweleza habari za babu yake. Alitua kikombe chake, akanyamaza kitambo.

Husimuliwa kwamba desturi hii ilianzishwa na bibi mmoja wa kikabaila wa Uingereza, Duchess wa Bedford, karibu na mwaka 1840, kwa sababu ya njaa ya kungojea chakula cha usiku. Sisi Kibokoni twakaa barazani baada ya Alasiri bila ya kumngoja Duchess. Raha ni ile ile, ya kukaa bila kufukuzwa.

Hata majani ya chai yana kisa chake. Mche wa kwanza wa chai katika Kenya ulipandwa Limuru mwaka 1903, si mbali na hapo tulipoketi. Lakini Mwafrika hakuruhusiwa kuulima kwa biashara hadi miaka ya 1950. Alichuma, alipika na alimimina.

KIKOMBE CHA LAVINGTON

Wakati wa kuondoka nilimpa mkono yule kijana, nikamshukuru kwa jina lake. Nikadhani kisa kimekwisha.

Kesho yake alasiri nilikuwa nyumbani Lavington. Msichana wa kazi alileta chai katika sinia, akaitua mbele yangu, akarudi nyuma hatua mbili, akasimama na mikono nyuma. Nikamtazama. Hakuna aliyemwamuru asimame, ila hakuna pia aliyepata kumwambia aketi.

Mtume (S.A.W.) ametufunza kwamba mtumishi akikuletea chakula, umketishe ule naye, au angalau umpe tonge. Hadithi hiyo nimeisikia darasani tangu utoto. Ila siku hiyo ndiyo niliyoisikia sawasawa.

Nikamwambia, "Lete kikombe kingine, mwanangu, ukae." Alisita mbele ya kiti kama nilivyosita mimi Norfolk. Kisha akakaa pembeni kabisa, tayari kuinuka.

Birika nilishika mimi. Nikammiminia yeye kwanza, kisha binti yangu aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka kazini. Nikajimiminia mimi mwisho.