Mtoto hapati usingizi, kisanduku kinavuma juu ya kabati

Mama mmoja alimleta kliniki mwanawe wa miaka 9. Mwalimu alilalamika kwamba anasinzia darasani. Nilimpima damu, nikamwangalia tonsili, nikauliza kama anakoroma, sikuona tatizo. Nilipouliza chumbani kwake kuna nini, mama akacheka kidogo. "Daktari, kuna kile kisanduku cha kamera za ulinzi, juu ya kabati. Tulikificha humo wezi wasikione."

Ndani ya kisanduku hicho mna diski inayohifadhi picha, na mara nyingi feni ndogo isiyopumzika usiku wala mchana. Feni ndogo hulazimika kuzunguka kasi ili isukume hewa ya kutosha, ndiyo maana hulia kama mbu, tofauti na pangaboi la darini. Shirika la Afya Duniani linashauri kelele ya mfululizo chumbani usiku isizidi desibeli 30, sawa na mtu anayenong'ona. Mtoto wa umri huu anahitaji saa 9 hadi 12 za usingizi. Kelele inaweza isimwamshe kabisa, ila ikamtoa kwenye usingizi mzito, na asubuhi asikumbuke lolote.

Baba alikuwa ameshajitibia: alichomoa waya wa feni. Kimya kikapatikana, lakini kisanduku kikawa cha moto hata kukishika shida, na picha zikaanza kukatika. Diski nyingi hazitakiwi kuzidi nyuzi joto 60, na kwa joto letu hazina mbali pa kufika. Kukifunika kwa khanga au kukifungia kabatini ni kosa lilelile.

Niliwashauri wairudishe feni, kisha wakihamishie koridoni, kikae mahali penye hewa pande zote. Chini yake waweke vipande vya ndala kuukuu, maana mbao za kabati huikuza sauti kama ngoma. Umeme ukiwa umezimwa, vumbi lipanguswe kwa brashi. Feni ikikwaruza, fundi aibadilishe.

Tafadhali, msimpe mtoto dawa ya mafua ili tu asinzie. Na akikoroma au pumzi ikikatika usingizini, mleteni hospitali, hata kama nyumba ni kimya.

Baada ya wiki 3 mama alirudi. Kijana hasinzii tena darasani. Sasa anayelalamika ni bibi, ambaye mlango wake unatazamana na koridoni.