Ufa wa Suswa si Shahidi wa Kutegemewa
Machi 2018, mvua kubwa ilipofukua ufa mrefu karibu na Suswa, Kenya, wengi walitangaza kwamba Afrika inapasuka. Inapasuka kweli, ila ufa ule ni shahidi dhaifu: kwa sehemu kubwa, maji yalizoa tu majivu laini ya volkano. Ushahidi wenye uzito hauonekani kwa macho. Vipimo vya setilaiti vinaonyesha bamba la Somalia likiachana na la Nubia kwa milimita chache kwa mwaka, na mawimbi ya matetemeko hupungua kasi yapitapo chini ya Bonde la Ufa, dalili ya miamba yenye joto kali. Anayeudharau mwendo huo mdogo wa mabamba atazame Afar, Ethiopia: mwaka 2005 magma ilipenya ardhini na kuitanua kwa mita kadhaa ndani ya wiki chache.