KWA NINI WATOTO WETU WANAHIFADHI NA KUSAHAU?

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.t.). Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Ahli zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu Waislamu, walimu wa madrasa za Temeke, Mbagala, Magomeni na Mwananyamala wanalijua vyema jambo hili. Mtoto anahifadhi Juzuu Amma, wazazi wanafurahi, nasi tunamvusha kwenda Tabaraka. Baada ya miezi mitatu, ukimsimamisha aanze An-Nabai, anakwama katikati. Kwa miaka mingi mimi nilikuwa nikisema, "Huyu hana kichwa," nikachukua bakora. Leo nakiri kwamba kosa lilikuwa katika mpangilio wangu wa kusomesha.

Uzito wake katika sheria

Imamu Suyuti (aliyefariki mwaka 911 Hijria) ametaja katika Al-Itqan kuwa kuisahau Qur'an ni dhambi kubwa. Wanazuoni wakafafanua kuwa anayekusudiwa ni mwenye kuiacha kwa uzembe, si aliyezidiwa na maradhi au uzee. Mtoto ambaye hajabaleghe hana dhambi. Lakini sisi tuliobaleghe, tunaomrundikia sura mpya bila ya kumrejesha kwenye za zamani, tutajibu nini?

Mtume (s.a.w.) amemfananisha mwenye Qur'an na mwenye ngamia waliofungwa: akiwaangalia watabaki naye, akiwaachia watakwenda zao. Naye mwenyewe, pamoja na daraja yake, alikuwa akidurusu Qur'an na Jibrili (a.s.) kila Ramadhani, na katika mwaka wa kufa kwake wakadurusu mara mbili. Basi vipi mtoto wa miaka tisa atosheke na kusoma mara moja?

Namna akili inavyohifadhi

Mwaka 1885 mtaalamu wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, alitangaza matokeo ya kujipima mwenyewe kwa kuhifadhi silabi zisizo na maana. Aliona kuwa kilichohifadhiwa hupotea kwa kasi sana katika saa na siku za mwanzo, kisha kasi hupungua. Maana yake ni kuwa somo la leo lina hatari kubwa kesho kuliko mwezi ujao.

Zaidi ya miaka 600 kabla yake, Sheikh Zarnuji katika Ta'lim al-Muta'allim alikwisha kutoa dawa: somo la jana lirudiwe mara tano, la juzi mara nne, la siku iliyotangulia mara tatu, kisha mbili, kisha moja. Yaani marudio ni mengi pale usahaulifu ulipo mkali. Na tuzingatie mambo matatu:

1. Kufahamu. Akili hushika haraka kile ilichokielewa. Katika Suratur-Rahman iko aya inayorudiwa mara 31, na watoto wengi hupotea hapo kwa kuwa hawajui nini kinafuata nini. Mwalimu akieleza kwa Kiswahili mpangilio wa sura, kwa msaada wa tafsiri ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy, kwa mfano, mtoto hupata njia ya kufuata.

2. Kutoa kichwani. Wanafunzi wengi hutazama msahafu mara kumi wakadhani wamehifadhi. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwalinganisha wanafunzi waliorudia kusoma na waliojaribu kukumbuka bila ya kutazama. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele; baada ya wiki moja, waliojijaribu ndio waliokumbuka zaidi. Kwa hiyo msahafu ufungwe, mtoto asome kwa ghibu mbele ya mwenzake, kisha ufunguliwe kusahihisha.

3. Kugawa na kulala. Watoto wetu wanatoka shule wamechoka, ndipo wanakuja madrasa. Aya tatu zilizoshikwa ni bora kuliko ukurasa uliopita masikioni. Usingizi nao huimarisha kumbukumbu. Mtoto adurusu kidogo baada ya Isha, alale mapema, kisha arudie baada ya Alfajiri.

Ushauri kwa walimu na wazazi

Kila kipindi kianze na somo la zamani kabla ya jipya. Siku moja katika wiki iwe ya muraja'a peke yake, wala mtoto asivushwe juzuu mpaka asikilizwe ile iliyopita yote. Mzazi naye asiulize tu, "Umefika wapi?" Aulize pia, "Nisomee ya wiki iliyopita." Hata asiyejua kusoma Kiarabu anaweza kukaa na kusikiliza.

Mashindano ya Ramadhani yana kheri nyingi, lakini hifdhi ya kweli huonekana miaka ishirini baadaye, pale kijana anaposukumwa mbele kuswalisha na asikwame.

Tunamuomba Allah atuthibitishie Qur'an vifuani mwetu na vifuani mwa watoto wetu. Amin. Wallahu A'alam.