Jinsi ya kuipa saa mpya sura ya kale

SAA kuukuu ya mkono yaweza kuwa na thamani kuliko mpya. Mnamo Oktoba 2017, saa aina ya Rolex iliyokuwa ya mwigizaji marehemu wa Marekani, Paul Newman, iliuzwa mnadani jijini New York kwa zaidi ya dola milioni 17. Wapenzi wa saa wasio na uwezo huo huamua kuzizeesha mpya nyumbani.

Kazi hiyo haihitaji mitambo, lakini si kila madini hukubali kuzeeka. Chuma kisichoshika kutu hakibadiliki rangi kwa urahisi, na anayekikwaruza hukiharibu tu. Inayofaa ni saa yenye ganda la bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati.

Mbinu nyepesi ni ya mayai. Kwanza, ondoa mkanda na uhakikishe kitufe cha kurekebishia majira kimekazwa barabara. Safisha ganda kwa kitambaa chenye maji na sabuni kisha likaushe, kwa kuwa penye mafuta ya vidole rangi haishiki sawasawa. Chemsha mayai mawili hadi yawe magumu, yaponde, kisha uyatie katika mkebe wenye kifuniko pamoja na saa, pasipo kugusana. Gesi yenye salfa itokayo kwenye mayai huungana na shaba na kufanya utando wa hudhurungi. Chungulia kila baada ya nusu saa hadi rangi ikuridhishe.

Anayependa rangi ya kijani hutumia mvuke wa siki badala ya mayai. Asiyeridhika na matokeo aweza kuusugua utando huo kwa maji ya ndimu, kama zinavyosafishwa sinia za shaba.

Hata hivyo, tahadhari ni muhimu. Saa isitumbukizwe katika siki, kwani ikipenya ndani itakula mitambo. Wapo pia wanaoifungua saa ili kuupaka uso wake chai. Kufanya hivyo huweza kuharibu kinga dhidi ya maji na kubatilisha dhamana.

Hatari kubwa zaidi ni kung'oa mishale ya saa kuukuu ili kuipachika kwenye mpya. Saa nyingi zilizoundwa kabla ya miaka ya 1960 zilipakwa rangi yenye radiamu ili zing'ae gizani. Nguvu ya radiamu hupungua kwa nusu baada ya takriban miaka 1,600, na vumbi lake likivutwa pumzini hudhuru mwili.

Kuizeesha saa yako si kosa. Kosa ni kumuuzia mwenzako ukidai ni ya kale. Nchini Kenya, kifungu cha 313 cha Sheria ya Jinai huadhibu kujipatia mali kwa udanganyifu kwa kifungo cha hadi miaka mitatu.

Wahenga walinena kuwa si vyote ving'aavyo ni dhahabu. Mnunuzi naye akumbuke kuwa si vyote vilivyochujuka ni vya kale.