Tambi za Malai na Pilipili ya Kikorea

Tambi za malai na pilipili ya Kikorea ni spageti iliyochemshwa kisha ikakorogwa katika rojo zito la rangi ya chungwa. Rojo hilo lina nguzo mbili: malai ya maziwa, na gochujang, yaani pilipili nyekundu iliyochachushwa pamoja na soya na mchele. Migahawa ya Korea Kusini inayopika vyakula vya Kitaliano ilikuwa imeshawazoesha watu mchuzi wa nyanya na malai unaoitwa rose. Mwanzoni mwa miaka ya 2020 nyanya ikaipisha gochujang, hasa kwenye tteokbokki, vipande laini vya unga wa mchele vinavyouzwa mitaani, na kwenye tambi vilevile. Kazi yenyewe jikoni si ndefu, na muda mwingi ni wa kusubiri maji yachemke.

Jina lisichanganye. Pwani, tambi nyembamba hupikwa kwa sukari, nazi na iliki, na zina heshima yake wakati wa futari na Idi. Tambi za dengu nazo ni kitafunwa. Zinazozungumziwa hapa ni spageti za paketi, zinazopatikana kwenye maduka ya rejareja Kashaulili, kata ya Manispaa ya Mpanda, mkoani Katavi.

Gochujang ndiyo yenye habari ndefu. Kwa Kikorea gochu ni pilipili, na jang ni jina la jumla la viungo vya soya iliyochachushwa. Pilipili si mmea wa asili wa Korea, kama ambavyo si wa Katavi. Ilitoka Amerika, na wanahistoria wengi husema ilisambazwa Asia na Afrika kwa merikebu za Wareno katika karne ya 16. Wakorea waliikaribisha kwenye utaalamu waliokuwa nao tayari wa kuchachusha soya. Soya huchemshwa, hupondwa, hufinyangwa kuwa matofali na kutundikwa mpaka yaote ukungu. Hukaushwa, husagwa, kisha unga wake huchanganywa na pilipili, chumvi, mchele na kimea cha shayiri. Mchanganyiko hukaa miezi kadhaa ndani ya mitungi ya udongo, ukipigwa jua mchana. Desturi hii ya kutengeneza jang iliingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2024.

Hapo kwenye kimea, mpishi wa Mpanda yuko nyumbani. Anayejua togwa anajua kwamba uji mzito uliopoa kidogo ukitiwa kimea huanza kulegea, na baada ya muda huwa mtamu bila kuongezwa sukari. Vimeng'enya vya nafaka iliyochipua huvunja wanga kuwa sukari. Utamu wa gochujang ya asili hupatikana kwa njia hiyohiyo. Tofauti ni nafaka, na ni kwamba Mkorea huendelea kuongeza soya, pilipili na subira.

Gochujang si bidhaa ya kutegemea kuikuta katika maduka ya Mpanda, kwa hiyo mbadala unafaa kujulikana. Vijiko viwili vya chakula vya pilipili ndefu nyekundu, iliyokaushwa, ikatolewa mbegu na kutwangwa, huchanganywa na kijiko kimoja cha nyanya ya kopo, kijiko kimoja cha sosi ya soya na kimoja cha asali. Katavi haina shida ya asali. Ya Inyonga, wilayani Mlele, ina jina. Pilipili kichaa isitumike kwa kipimo hicho. Pilipili ya Kikorea ni ya wastani, hutiwa nyingi kwa ajili ya rangi na ladha, na anayetia vijiko viwili vya kichaa atamaliza chakula kwa machozi. Mbadala huu ni mzuri lakini haufiki gochujang yenyewe, kwa sababu harufu ya soya iliyokaa miezi mtungini haighushiki kwa dakika tano.

Malai yapo kwa urahisi zaidi. Mkoa una ng'ombe wengi, na maziwa mabichi huuzwa mjini. Yakichemshwa jioni na kuachwa yatulie mpaka asubuhi, huota utando mnene juu. Huo ndio malai, na huenguliwa kwa kijiko. Kazi yake si kulainisha tu. Kitu kinachowasha katika pilipili huyeyuka kwenye mafuta, hakiyeyuki kwenye maji, na protini ya maziwa hukidaka kabla hakijaukamata ulimi. Ndiyo maana maji hayamsaidii aliyewashwa, ila maziwa humsaidia. Mtindi ni chaguo la pili, lakini hukatika upesi motoni na kuacha madonge, hivyo hutiwa sufuria ikiwa imeshaepuliwa. Tui la nazi halikatiki ovyo, ila ladha yake hutawala, na chakula huanza kuelekea Tanga badala ya Seoul.

Kiungo cha tatu, ambacho wapishi wengi hukiruka, ni supu ya dagaa. Wakorea huchemsha samaki wadogo wakavu waitwao myeolchi kupata maji ya kupikia vyakula vyao vingi, na huwatoa kichwa na matumbo kwanza kwa sababu vina uchungu. Dagaa wakavu wa Ziwa Tanganyika, wanaopakuliwa Karema, ni jamaa zao wa mbali na huandaliwa vivyo hivyo. Konzi moja hukaangwa bila mafuta dakika moja kupunguza shombo, huchemshwa dakika kumi kwa kikombe na nusu cha maji, kisha huchujwa.

Kwa watu wawili, gramu 200 za spageti zinatosha. Hutumbukizwa kwenye lita mbili za maji yanayotokota, yenye chumvi vijiko viwili vidogo tu, kwa sababu sosi ya soya na gochujang zina chumvi ya kutosha. Huepuliwa dakika mbili kabla ya muda ulioandikwa kwenye paketi, zikiwa bado na kiini kigumu kidogo, na kikombe kimoja cha maji yake huwekwa kando. Maji hayo meupe yana wanga, nao ndio utakaoshikanisha mafuta na maji yasiachane.

Mwenye jiko moja la mkaa hana sababu ya kulalamika. Spageti zikishachujwa, makaa yamepungua ukali, na rojo hili linataka moto wa namna hiyo. Kitunguu maji kilichokatwa vidogo hukaangwa kwa kijiko cha siagi mpaka kilainike, hufuata punje tatu za kitunguu saumu zilizopondwa, kisha kijiko kimoja na nusu cha gochujang, au mbadala wake wote. Hapa mwiko hautoki mkononi. Kwa dakika moja hivi rangi hukolea kuwa nyekundu iliyoiva na mafuta mekundu huanza kujitenga pembeni. Ikizidi hapo, sukari iliyomo huungua, na uchungu wake hauondolewi na malai wala asali.

Dalili ya mafuta ikionekana, nusu kikombe cha supu ya dagaa humiminwa, kikifuatiwa na mililita 150 za malai. Rojo likianza kutoa mapovu madogo, spageti huingia na kugeuzwa dakika mbili, zikiongezwa maji ya wanga kidogo kidogo mpaka rojo lizigande bila kuchuruzika. Majani ya kitunguu na ufuta uliokaangwa hunyunyizwa juu.

Huliwa papo hapo, maana zikipoa hunywa rojo lote na kugandamana. Zilizobaki hurudishwa kwenye moto mdogo kwa vijiko viwili vya maziwa, na huachiana zenyewe.