Somo la Kwanza la Kuendesha Helikopta

Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya watu wazima, Njombe na Makambako

Kabla sijaanza, namwomba kiongozi wa darasa aandike ubaoni maneno haya manne kwa herufi kubwa: MAPANGA, FIMBO, WENZO, PEDELI. Yaacheni hapo ubaoni, tutayahitaji.

Somo la leo limetoka kwenu wenyewe. Siku moja nilikwenda Makambako kutazama darasa la kisomo. Tulikuwa tukisoma habari za vyombo vya safari: baiskeli, lori, treni ya TAZARA, meli, ndege. Tulipofika kwenye picha ya helikopta, darasa likachangamka, maana helikopta si kitu kigeni kwetu. Wakati wa uchaguzi hutua viwanjani, vumbi likatimka na watoto wakakimbia kuitazama. Lakini mama mmoja wa makamo hakucheka. Mama huyu alikuwa na desturi ya kushika penseli kwa nguvu mpaka ncha ikavunjika. Akaniuliza, "Mwalimu, injini ikizimika kule juu, mtu hufanya nini?"

Nilijua kwa nini aliuliza. Mkoa wetu haujasahau tarehe 15 Oktoba 2015. Siku ile, zikiwa zimebaki siku 10 tu kabla ya uchaguzi mkuu, Mheshimiwa Deo Filikunjombe, Mbunge wa Ludewa, alikufa katika ajali ya helikopta katika Pori la Akiba la Selous, pamoja na wenziwe na rubani. Basi swali la mama yule halikuwa la mchezo. Nami nilimjibu kwa maneno niliyoyasoma kitabuni. Akanisikiliza hata mwisho, kisha akasema, "Ahsante, mwalimu. Na wewe, umewahi kuishika?"

Nikasema sijawahi. Darasa likacheka, lakini kwa adabu.

Baadaye kazi ilinipeleka Nairobi. Nilijua kwamba katika Uwanja wa Wilson, ambao ni uwanja wa ndege ndogo, wako watu wanaofundisha urubani, na mtu asiyejua kitu anaweza kulipia somo moja la kujaribu. Nikalipa. Fedha ile nilikuwa nimeiweka kwa ajili ya mabati ya jikoni. Mke wangu amenisamehe, lakini si siku ile.

Kwanza walinipima uzito kwenye mizani, kama gunia la viazi. Nikaona haya kidogo, lakini sababu ipo. Helikopta yenyewe ilikuwa aina ya Robinson R22, ndogo sana, yenye viti viwili tu. Aina hii ilianza kuuzwa mwaka 1979, na hutumiwa sana kufundishia. Uzito wake wote, pamoja na watu na mafuta, hauruhusiwi kuzidi kilo 622. Mtu mnene akipanda, inabidi mafuta yapunguzwe, au somo liahirishwe.

Mwalimu wangu alikuwa kijana wa Kikenya, mdogo kwangu kwa miaka kama saba hivi. Mimi nilimwita Kapteni, yeye akaniita Mwalimu, tukaelewana. Akaniketisha kiti cha kulia, ambacho katika helikopta nyingi ndicho kiti cha rubani, akaanza kunieleza. Sasa tazameni ubao wenu.

MAPANGA ni yale mabao marefu membamba yanayozunguka juu. Kila panga limetengenezwa kama bawa la ndege. Ndege ya kawaida hukimbia mbele ili mabawa yake yakate hewa. Helikopta huyazungusha mabawa yake yenyewe, nayo yakakata hewa hata kama chombo kimesimama. Kwa hiyo haihitaji kukimbia uwanjani. Mapanga ya R22 huzunguka zaidi ya mara 500 kwa dakika moja.

WENZO uko mkono wa kushoto, karibu na kiti, kama breki ya mkono ya gari. Ukiuinua, mapanga yote mawili huinama pamoja na kukata hewa zaidi, na helikopta hupanda. Ukiushusha, hushuka. Kichwa cha wenzo huzungushwa kama mkono wa mafuta wa pikipiki, nacho hutawala nguvu ya injini. Vijana wa bodaboda wa Makambako hapo hawatapata taabu.

FIMBO iko mbele yako, katikati, nawe huishika kwa mkono wa kulia. Ukiisukuma mbele, mzunguko wote wa mapanga huinama mbele na helikopta hwenda mbele. Ukiivuta nyuma hurudi nyuma, na vivyo hivyo kushoto na kulia.

PEDELI ni mbili, za miguu, na kazi yake yataka maelezo. Mmepata kumwona seremala anayetoboa mbao kwa drili ya umeme? Drili ikikwama, mkono wa seremala ndio huzungushwa. Helikopta nayo ni hivyo. Injini inapozungusha mapanga upande mmoja, mwili wa helikopta hutaka kuzunguka upande wa pili. Ndiyo sababu mkiani kuna mapanga mengine madogo yanayosukuma hewa kando ili kuuzuia mwili. Pedeli huongeza au kupunguza msukumo huo. Ukiinua wenzo katika R22, pua hutaka kwenda kulia, na lazima ukanyage pedeli ya kushoto papo hapo.

Hapa ndipo ilipo shida yote ya helikopta. Hakuna kitu kimoja unachoweza kukigusa bila kuvisumbua vingine. Ukiinua wenzo, pua inageuka. Ukikanyaga pedeli kuirudisha, nguvu inabadilika. Ukisukuma fimbo, unaanza kushuka, na huna budi kuinua wenzo tena. Mikono miwili na miguu miwili, kila kimoja na kazi yake, na vyote kwa wakati mmoja.

Kapteni akaongea na watu wa mnara kwa redio, kwa Kiingereza, maana ndiyo lugha itumikayo angani karibu dunia nzima. Kisha yeye mwenyewe akatuinua. Sikusikia kuruka. Niliona tu kwamba nyasi zimekwenda mbali. Tukatoka nje ya mji, tukafika mahali pa wazi palipotengwa kwa mazoezi.

Hakunipa vyote mara moja. Alinipa fimbo peke yake, tukiwa tunakwenda mbele kwa mwendo mzuri, na hapo haikuwa vigumu. Kisha pedeli peke yake. Kisha wenzo. Nikaanza kujiona rubani. Nadhani aliliona hilo usoni pangu, kwa maana akasema, "Vizuri, Mwalimu. Sasa tuelee."

Kuelea ni kukaa angani mahali pamoja, bila kwenda mbele wala nyuma. Mtu aliye chini huona kama kazi rahisi kupita zote. Kapteni alituweka juu ya nyasi, kama mita mbili hivi, helikopta imetulia kama kikombe juu ya meza. Akanipa fimbo. Helikopta ikasogea kidogo mbele. Nikavuta nyuma. Haikufanya kitu. Nikavuta zaidi. Mara ikarudi nyuma kwa nguvu, nami nikasukuma mbele kwa nguvu ile ile, na baada ya kitambo kidogo tulikuwa tukienda huku na huku kama mtoto kwenye bembea, na kila nilipojitahidi kuizuia ilizidi. Kapteni akaishika, ikatulia palepale.

"Umeishika kama mpini wa jembe," akaniambia. "Vidole viwili vinatosha. Tena usitazame chini. Tazama mti ule wa mbali."

Sababu yake ni hii. Ukigusa fimbo, helikopta haijibu papo hapo. Hukawia kidogo sana. Mwanafunzi huona haijajibu, huongeza. Majibu yote mawili yanapofika pamoja, yanakuwa makubwa mno. Mtu mwenye ujuzi hugusa kidogo, husubiri, hugusa tena, na mkono wake hata hauonekani kusogea. Na ukitazama chini ya pua utaona kila mtikisiko, lakini ukitazama mbali utaona mwelekeo.

Nikatazama mkono wangu. Vidole vilikuwa vyeupe kwa kubana, jasho likitiririka, na mimi ndimi mtu ambaye kwa miaka kadha nimekuwa nikipita nyuma ya madawati nikiwaambia watu wazima, "Legeza mkono, mama. Legeza mkono, baba." Nilikuwa nikisema hivyo kana kwamba ni neno jepesi.

Mwisho alinipa fimbo, wenzo na pedeli, vyote kwa pamoja. Akahesabu kwa sauti. Niliiweka angani kwa sekunde 8, kisha ikanishinda. Msinicheke. Igor Sikorsky, fundi mashuhuri wa helikopta, alipoijaribu helikopta yake huko Marekani tarehe 14 Septemba 1939, aliifunga kwa kamba ili isije ikamtoroka, nayo ikainuka kwa muda mfupi tu. Tena yeye hakuwa na mwalimu wa kuishika pembeni.

Sasa nirudi kwenye swali la mama yule, maana nilimuuliza Kapteni tulipokwisha kutua. Nyinyi wa Njombe mnaijua mbegu ya paini, mti ambao wengine huuita msindano. Mbegu ile ina bawa dogo, na ikidondoka haianguki kama jiwe, bali huzunguka na kushuka polepole. Hewa inayopanda kutoka chini ndiyo huizungusha. Helikopta nayo yaweza kufanya hivyo. Injini ikizimika, rubani lazima ashushe wenzo mara moja. Katika R22 hana hata sekunde 2 za kufikiri. Mapanga yakilala, hewa inayopanda kutoka chini huendelea kuyazungusha bila injini. Akikaribia ardhi, rubani huinua pua kupunguza mwendo, kisha huinua wenzo, na nguvu iliyobaki katika mzunguko ule humtua taratibu. Nguvu hiyo hutumika mara moja tu, hakuna ya pili. Kila rubani wa helikopta hufundishwa jambo hili na kulirudia mara nyingi. Lakini lataka kimo cha kutosha, au mwendo, na mahali pa wazi pa kutua. Juu ya msitu, au chini sana na polepole, mambo ni mengine. Wala sisemi haya kueleza ajali ya mwaka 2015. Najibu lile nililoulizwa, basi.

Nilimuuliza pia habari za huku kwetu. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kwa kimo hicho hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu moja ya tano. Mapanga hupata hewa kidogo ya kukata, na injini hupata hewa kidogo ya kuvuta. Helikopta inayobeba watu wanne kwa raha Dar es Salaam, yaweza kuelemewa na hao hao kwetu, kama lori la viazi kwenye mlima. Baridi yetu husaidia, maana hewa baridi ni nzito zaidi. Asubuhi ya Julai ni bora kuliko adhuhuri ya Novemba. Na upepo wa Makambako, ambao nyote mnaujua, ni rafiki na adui. Ukivuma sawasawa, rubani huuelekea, nao humsaidia kuinuka. Ukija kwa vishindo, humchosha mikono.

Na kwa kuwa helikopta zitaendelea kutua viwanjani kwetu, sikilizeni hili kwa makini zaidi kuliko hadithi yangu. Msiisogelee mpaka mapanga yasimame, au mpaka rubani awape ishara. Ikibidi kwenda, nendeni kwa mbele, anapowaona, mkiwa mmeinama. Msipite mkiani kamwe: yale mapanga madogo huzunguka upesi hata hayaonekani, na katika helikopta nyingi yako karibu na kimo cha kichwa cha mtu. Mahali penye mteremko, msitokee upande wa juu, kwa sababu huko mapanga yako karibu na ardhi. Mwenye jembe au mwamvuli asiuweke begani. Kofia na kanga zishikwe. Watoto washikwe kwanza.

Mtu akitaka kuwa rubani kweli, kanuni za kimataifa zadai awe na umri wa miaka 17 au zaidi, apimwe afya, afanye mitihani, na kwa kawaida aruke si chini ya saa 40 ndipo apate leseni ya kwanza. Mimi nimebakiwa na saa 39 na nusu, na jikoni hakuna mabati.

Niliporudi Makambako, yule mama alikuwa akiningoja.

"Uliishika?" akauliza.

"Niliishika, mama. Sekunde nane."

"Nane tu?" Akafungua daftari lake, akanionyesha. "Mimi jana nimeandika jina langu lote, na penseli haikuvunjika."

Sasa, kiongozi wa darasa, zima redio. Kila mtu aandike yale maneno manne ya ubaoni, kisha amweleze jirani yake kazi ya kila moja. Atakayesahau kazi ya pedeli, amkumbuke seremala. Kwa herini, ndugu zangu.